TSVET: Walikataa karatasi zake za chuo, akatuachia njia ya kunasa dawa feki

Ukitoka Keroka ukielekea Nyansiongo, macho yanachoka na kijani. Majani chai huku, majani chai kule, hadi unajiuliza kama Mungu alipofika Nyamira alikuwa amebakisha rangi moja tu kwenye ndoo. Sasa nikuulize swali ambalo najua halijawahi kukukosesha usingizi: hicho kijani ni rangi moja kweli?

Usijibu haraka. Miaka mia moja na ushee iliyopita, maprofesa wakubwa wa Ulaya walikosana kabisa juu ya swali hilo. Kuna waliosema kijani cha jani ni kitu kimoja, klorofili, mambo yaishe. Halafu kukatokea mtaalamu wa mimea ambaye hata cheti chake kilikuwa na utata, akachukua unga wa chaki na bomba la kioo, akawaonyesha kwamba ndani ya jani moja kuna rangi kibao zimejificha. Anaitwa Mikhail Tsvet. Njia aliyobuni ndiyo mama ya kile kipimo kinachotumika leo kujua kama kidonge cha malaria ulichopewa kina dawa ndani ama ni unga tu.

Na sikiliza hii: Tsvet, kwa Kirusi, maana yake ni rangi. Yaani mtu anaitwa Rangi halafu anakuwa bingwa wa kutenganisha rangi. Ningekuwa nimetunga mimi ungesema nimetia chumvi.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1872 katika mji wa Asti, Italia. Baba alikuwa Mrusi mwenye kazi serikalini, mama Mwitaliano. Mama alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto akalelewa Uswisi, Lausanne na baadaye Geneva. Kwa hivyo chora picha: pasipoti ya Urusi, kuzaliwa Italia, lugha ya kila siku Kifaransa. Hata kwao hakueleweki ni wapi.

Alisoma Chuo Kikuu cha Geneva, akamaliza udaktari wake mwaka 1896, akiwa na miaka 24. Hapo ndipo alipofanya uamuzi ambao wengi wetu tungeuona wa ajabu. Akafunga virago akaenda Saint Petersburg, Urusi, nchi ya babake ambayo hakukulia. Alipofika wakamwambia, kwa lugha ya ofisi, kwamba udaktari wa Geneva hautambuliki huko. Kama anataka kufundisha chuo kikuu, aanze upya, apate kwanza shahada ya uzamili ya Kirusi, kisha udaktari wa Kirusi.

Unawajua watu wa hivi. Kila mtaa una mmoja, amerudi na digrii ya ng'ambo, sasa ni mwaka wa tatu anazungusha faili kutoka dirisha hadi dirisha ili itambuliwe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo katika hadithi hii usinitarajie niwe refa asiyeegemea upande. Lakini hata ukiwa na vyeti ukuta mzima, hebu fikiria ukiambiwa miaka yako yote darasani imehesabiwa sifuri kwa sababu ya muhuri.

Tsvet hakurudi Uswisi. Alikaa, akafanya vibarua vya kufundisha, akatetea uzamili wake huko Kazan mwaka 1901. Mwaka uliofuata akapata kazi ya msaidizi wa maabara Warsaw, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Msaidizi, si profesa. Ni akiwa kwenye cheo hicho cha chini ndipo alipofanya kazi iliyobeba jina lake.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Kuna kimiminika chepesi kinachotokana na mafuta ya petroli, kinaitwa etha ya petroli. Ukichukua klorofili safi ukaiweka humo, inayeyuka bila shida. Lakini ukichukua jani bichi ukalisaga ukamwagia etha hiyo hiyo, inatoka rangi ya manjano tu, kijani kinabaki kimeganda kwenye jani. Ongeza pombe kidogo, mara kijani chote kinaachia. Wengi waliona jambo hilo wakalipita. Tsvet alijiuliza: kama kijani kinayeyuka kwenye etha, kwa nini hakitoki kwenye jani?

Jibu lake lilikuwa kwamba tatizo si kuyeyuka, ni kung'ang'ania. Nyuzi za jani zimeishika rangi, kama vumbi linavyoshika soksi nyeupe siku ya mvua pale Daraja Mbili. Etha haina nguvu ya kuibandua, pombe inayo. Ili kuhakikisha, alichukua karatasi ya kuchujia, akailowesha rangi ya majani, akaikausha, kisha akaimwagia etha. Karatasi nayo ikakishikilia kijani vile vile kama jani. Hakukuwa na uhai wala uchawi wowote wa jani hapo, ni kushikana tu.

Akili ya Tsvet ikaruka hatua moja mbele. Kama kila rangi inashikika kwa nguvu tofauti, basi mbona nisizishindanishe? Akajaza unga mkavu kwenye bomba jembamba la kioo. Alijaribu zaidi ya aina 100 za unga, na mmojawapo wa zile alizozipenda ulikuwa kalsiamu kaboneti, yaani chaki. Juu yake akamwaga maji ya majani yenye mchanganyiko wa rangi, kisha akaendelea kumimina kimiminika safi kiteremke polepole.

Ikawa kama abiria wa matatu moja walioshuka Kisii mjini na kuanza kutembea. Asiye na mzigo anatangulia, mwenye gunia la ndizi anabaki nyuma. Karotini, ambayo chaki haiwezi kuishika, ikateremka mbele kabisa. Nyuma yake bomba likajipanga mistari: manjano za aina mbalimbali, kijani kinachoelekea samawati, kijani kinachoelekea manjano. Vijani viwili! Ndizo tunazoziita leo klorofili a na klorofili b. Zote zilikuwa zimekaa kimya ndani ya jani moja zikijifanya kitu kimoja.

Aliitangaza kazi hiyo Machi 1903, mbele ya chama cha wanasayansi wa viumbe cha Warsaw. Mwaka 1906 akaichapisha kwa Kijerumani katika jarida la botania, na hapo ndipo alipoibatiza jina kromatografia, kutoka maneno ya Kigiriki ya rangi na kuandika. Kuandika kwa rangi. Ama, ukitaka kumchokoza, kuandika kwa Tsvet.

Ungedhani alibebwa mabegani. Wapi! Shida ya kwanza, alikuwa mtu wa mimea na wanakemia hawakuwa na haja ya kusoma jarida la botania. Shida ya pili, jina lake halikuwa na uzito wowote. Shida ya tatu ndiyo kubwa: walioshikilia usukani wa kemia ya klorofili walikuwa na njia zao. Huko Kraków, Leon Marchlewski alibishana naye hadharani kwenye majarida, kwa ukali. Huko Ujerumani na Uswisi, Richard Willstätter, jina zito kweli kweli, hakuiamini ile chaki, akihofia inaiharibu klorofili wakati wa kuitenganisha. Willstätter alipima kwa njia yake ya kutumia majani mengi mno, na mwishowe naye akakubali kuna klorofili mbili. Mwaka 1915 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi ya rangi za mimea.

Tsvet hakunyamaza. Mwaka 1910 alitoa kitabu kwa Kirusi juu ya rangi za mimea na wanyama, na kwa kitabu hicho hatimaye akapata udaktari wa Kirusi. Hesabu mwenyewe: miaka 14 tangu ule wa Geneva. Katikati ya hayo alikuwa ameoa, na alikuwa akifundisha taasisi ya mifugo na chuo cha ufundi, saa kadhaa huku, saa kadhaa kule, kama wale walimu wa vyuo vyetu ambao gari lao ndilo ofisi.

Kisha vita vikaja, na kutoka hapo maisha yake ni kukimbia tu. Mwaka 1915 Wajerumani waliingia Warsaw, chuo kikahamishwa, naye akaishia Moscow kisha Nizhny Novgorod. Mwaka 1917 akapata uprofesa mji wa Yuryev, ambao leo ni Tartu, Estonia. Profesa kamili, mwishowe! Alikaa huko muda mfupi tu. Mwaka 1918 Wajerumani wakafika na huko, akahamishwa tena hadi Voronezh, ndani ya Urusi iliyokuwa inawaka moto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Afya ilikuwa imeisha. Alifariki tarehe 26 Juni 1919, akiwa na miaka 47.

Kuna kitu kimoja cha kuuma hapo. Kwa tuzo ya Nobel ya kemia ya 1918, profesa mmoja wa Uholanzi, van Wisselingh, alikuwa amependekeza jina la Tsvet. Tuzo ya mwaka huo ilikwenda kwa Fritz Haber, aliyegundua jinsi ya kutengeneza amonia kutokana na hewa. Sisemi Haber hakustahili. Mbolea ya nitrojeni inayomwagwa kwenye chai ya Nyamira inatokana na ugunduzi huo. Lakini liweke jina la amonia akilini, linarudi.

Baada ya kifo, kimya. Kama miaka kumi hivi njia ya Tsvet ilikuwa haina mwenyewe. Halafu mwaka 1931, huko Heidelberg, Richard Kuhn na kijana wake wa maabara Edgar Lederer walitaka kujua kama karotini ya karoti ni kitu kimoja. Wakapata tafsiri ya Kijerumani ya kile kitabu cha Tsvet, ikiwa imeandikwa tu, haijachapishwa. Na unajua tafsiri hiyo ilitoka kwa nani? Willstätter. Yule yule ambaye hakuiamini chaki alikuwa nayo, akampa Kuhn aliyekuwa mwanafunzi wake. Lederer akajaza bomba, karotini ikagawanyika mara mbili, na dunia ya kemia ikaamka.

Kutoka kwenye bomba hadi kwenye kibao ni hatua fupi. Mwaka 1938 huko Kharkiv, Ukraine, Nikolai Izmailov na Maria Shraiber walikuwa wanakagua dawa za mitishamba, na bomba la Tsvet lilikuwa linawachelewesha. Wakaamua kupaka ule unga kwenye kipande cha kioo, tabaka nyembamba tu, na kuweka tone. Dakika chache, kazi imeisha. Miaka ya 1950, mfamasia Mjerumani Egon Stahl aliipanga njia hiyo vizuri kwa kutumia unga wa silika uliogandishwa kwa jasi, na tangu hapo imeenea hadi maabara za vyuo vyetu. Wanaiita kromatografia ya tabaka nyembamba. Ukienda maabara leo utaona kibao cha kioo ama cha alumini kilichopakwa kitu cheupe kama chokaa. Huyo ni mjukuu wa Tsvet.

Unachora mstari kwa penseli, kama sentimita moja na nusu kutoka chini. Usitumie kalamu ya wino, maana wino nao utaanza safari. Unadondosha tone dogo la unachopima juu ya mstari, unakisimamisha kibao kwenye chupa yenye kimiminika kidogo kisichofika kwenye mstari, unafunika. Kimiminika kinapanda chenyewe kama maji yanavyopanda utambi wa taa, kinabeba vitu vilivyomo, kila kimoja kinafika kinapofika. Ukitoa, unapima kwa rula. Kama kimiminika kilipanda sentimita 8 na doa lako likaishia sentimita 4, jibu ni 0.5. Ukiweka kando yake doa la dawa unayoijua na yenyewe ikaishia pale pale, una sababu ya kushuku ni ndugu. Madoa yakikosana, si ndugu.

Sasa tufike kwa amini. Ndiyo, kwa Kiswahili neno linafanana na kuamini, lakini hawa ni watoto wa amonia: chukua amonia, toa haidrojeni moja ama zaidi, weka kaboni mahali pake. Unazijua hata kama hujui jina. Harufu ile ya omena iliyokaa sana sokoni inatokana na amini. Kafeini inayokuamsha kwenye strungi yako ni ndugu yao wa karibu, nayo teanini, ile inayolipa jani la chai ladha yake laini, ni asidi ya amino. Na dawa za malaria! Kwinini ni amini. Klorokwini ni amini. Amodiakwini ni amini. Lumefantrini, iliyo kwenye vidonge tunavyopewa siku hizi, ni amini pia.

Amini zina ukaidi wake. Silika ina asidi kidogo na nyingi kati ya amini zina ubesi, kwa hivyo zikikutana zinashikana kama wapenzi wa juzi. Badala ya doa la mviringo unapata mkia mrefu uliopakaa kibaoni, na mkia haupimiki. Dawa yake? Tone la amonia kwenye kimiminika. Amonia inakaa kwenye zile nafasi za silika kabla amini haijafika, mkia unakatika, doa linarudi kuwa doa. Ndiyo, amonia ile ile ya Haber. Tsvet na Haber wamekutana kwenye chupa moja.

Shida nyingine ni kwamba amini nyingi hazina rangi. Mwaka 1910, mwaka ule ule wa kitabu cha Tsvet, Siegfried Ruhemann huko Cambridge alitengeneza ninihidrini kwa bahati tu. Nyunyizia kibao, pasha moto, na amini zenye haidrojeni mbili zilizobaki zinageuka zambarau. Teanini nayo inajitokeza hivyo. Polisi hutumia ninihidrini hiyo kutoa alama za vidole kwenye karatasi, kwa sababu jasho letu lina asidi za amino. Zile zisizokubali ninihidrini, kama lumefantrini, unazimulika kwa taa ya urujuanimno, ndugu ya ile ya kukagua noti, na doa linaonekana jeusi.

Kwa nini nakuambia haya wewe wa Gusii, ama mwenye shosho Gusii? Kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1990 milima ya Kisii ilipigwa na milipuko ya malaria. Watu wa milimani hawana kinga kama wa kandokando ya ziwa; mbu akipanda mlima, anakuta miili isiyomzoea, wakubwa kwa wadogo. Na wakati huo klorokwini ilikuwa imeshindwa na vimelea. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitegemea, na mwaka 2004 ikaamua kuhamia mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini. Kidonge kimoja kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Mtu mzima anameza vidonge 24 kwa siku tatu.

Sasa chukulia kwamba kidonge hakina zile 120. Zina 40, ama hamna kabisa. Pakiti ni ile ile, rangi ya njano ni ile ile. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa 1 kati ya 10 za matibabu ni feki ama hazifikii kiwango. Mtoto wa Nyamache mwenye homa hajui hesabu hiyo. Anazidiwa tu, na watu wanasema malaria ya siku hizi ni kali.

Wajerumani wa mfuko wa Global Pharma Health Fund walitengeneza maabara ya kubeba kwenye sanduku, inaitwa Minilab, na imetumika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Ndani yake kuna vibao vya silika, chupa, vimiminika, taa na vidonge vya kulinganishia. Unasaga kidonge unachokishuku, unakiyeyusha kwa kipimo, unadondosha tone. Kando yake unaweka tone la dawa halisi yenye nguvu kamili, asilimia 100, na lingine la asilimia 80. Kibao kikipanda, unatazama. Doa halipo? Feki. Lipo lakini limefifia kuliko la asilimia 80? Dawa imepunjwa. Hakinasi upungufu mdogo mdogo. Hizo ni kazi za maabara kubwa zenye mashine za kusoma weusi wa doa. Lakini anayeuza unga wa mahindi kama lumefantrini, kibao kinamshika saa hiyo hiyo.

Ukitaka kumwona Tsvet kazini bila maabara, nenda jikoni. Saga majani machache mabichi, chinsaga ni sawa, kwenye spiriti ile ya kusafishia vidonda, hadi maji yawe kijani kizito. Mimina kidogo kwenye kifuniko. Simamisha chaki nyeupe ya ubaoni humo, iache nusu saa. Fanya dirisha likiwa wazi, na jiko liwe limezimwa, maana spiriti inashika moto kabla hujageuka. Kijani kitapanda chaki, kitachoka, na juu yake utaona ukanda wa manjano ambao ulikuwa ndani ya lile jani siku zote.